Kinyumenyume

Siku za kazi nabeba wageni.
Reno langu la rangi ya maziwa, mlango mmoja umefungwa kwa waya,
petroli ndani ya chupa ya maji miguuni pangu,
na maneno nimeyakariri kama mtoto wa shule:
asubuhi kilima cha wafalme,
mchana, upande wa machweo, lemuri.
Jioni hoteli. Asante. Bakshishi.

Jumapili ile nilimbeba Mama Voahangy,
muuza vibibi vya mchele kwenye kona ya Isotry,
aliyenifungulisha kinywa miaka kumi na sita.
Sabini na moja umri wake, chini ya mji huu wa ngazi,
na hajapanda gari ila la hospitali au la makaburini.
"Nipeleke wanakokwenda wageni. Bei ile ile.
Usinipunguzie, nitaona haya."
Sarafu kazifunga kwenye leso, fundo juu ya fundo.

Njia nzima alikagua mashamba ya mpunga kama mwenye kudai:
"Hilo limechelewa. Yule bata si wa pale."
Mwezi wa kumi, jakaranda zimemwaga zambarau barabarani,
matanuri ya matofali yanafuka,
udongo mwekundu unaingia hadi kwenye meno.

"Mguu wa kulia kwanza," nikamwambia mlangoni.
"Na ukitoka, utoke kinyumenyume.
Mfalme hapewi mgongo."

Ndani giza, harufu ya masizi na mbao kongwe.
Nikaanza: boriti ile juu, wanasema, mfalme alijificha wageni wakija,
akidondosha kijiwe kumwashiria mkewe:
mkaribishe, au mfukuze.
Alicheka mpaka mlinzi akageuka.
"Marehemu wangu naye alipanda darini wadai wakibisha.
Ila sisi hatukuwa na vijiwe. Alikohoa."

Nikaendelea, ulimi ukiteleza wenyewe:
nguzo hii ya kati ni mti mmoja,
umetoka misitu ya mashariki,
umebebwa na watumwa elfu mbili, wanasema,
mia wakafia njiani.
Miaka kumi na sita nalisema hili
kwa sauti ninayoelekezea choo.

Kicheko kikakatika.
Akaweka kiganja kwenye nguzo. Hairuhusiwi.
Kiganja chenye makovu ya mafuta.
"Upande wa mama," akasema, "sisi tulikuwa wa kubeba."
Basi.

Akajitanda shali vizuri, akageuka,
akampa mfalme mgongo,
mgongo mpana wa maua ya njano,
akatoka akilitazama jua.
"Mama! Kinyumenyume, Mama!"
Hakukimbia. Hakupunguza mwendo.

Mimi, ambaye ukoo wangu ulikuwa wa kubebewa,
nikarudi nyuma kama nilivyofunzwa,
na kwa kuwa macho yalibaki ndani
nikaiona ile nguzo:
alama za shoka, moja moja, hadi gizani juu.
Siku zote nilikuwa naitaja tu.

Kule kwa lemuri, kando ya mto, hatukusemezana.
Sifaka weupe, nyuso nyeusi, wamekumbatia matawi.
"Na hawa waliletwa?"
"Waliletwa."
"Msitu wao?"
Nikanyoosha kidole kwenye vilima vilivyonyolewa.

Hapo mmoja akashuka.
Ardhini sifaka hajui kutembea:
akainua mikono kama mlevi harusini
akavuka njia ubavuubavu, tupu, tupu, tupu.
Mama Voahangy akashika mbavu.
"Mwangalie! Si mbele, si nyuma!
Huyo mlangoni wangemwambia nini?"

Isotry, giza limeingia, akafungua mafundo.
Nikasema hapana. Akanitazama.
Nikahesabu.
Zilikuwa kamili, na noti moja zaidi:
bakshishi.

Jumatatu nilikuwa na Wabelgiji wanne.
Tulipofika kwenye nguzo nikafumbua kinywa,
nikakifumba.
Mmoja, mwema, akadhani nimesahau maneno,
akanifunulia kitabu chake.